Ng'ombe Aliyevaa Katambuga

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza mara nyingi mpaka chai ikapoa: ilikuwaje kuhusu yule ng'ombe, na kwa nini nilirudi tena Nyakahura baada ya kufika nyumbani salama? Kila nikianza kusimulia, kengele inalia. Basi nimeona niandike, asomaye asome mpaka mwisho, na asiyeamini aende zizini akamtazame mwenyewe. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka. Mnayajua, na hayana ladha.

Jambo moja mlikumbuke. Kijiji chetu kilipofanya vizuri katika kahawa, tuliambiwa tuchague zawadi: mabati ya ghala, au mtamba mmoja wa maziwa mwenye mimba kutoka shamba kubwa la mifugo huko Biharamulo. Wengi walitaka mabati. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema bati halizai. Nikasema watoto wa darasa la kwanza wanasinzia kwa uji wa chumvi, na kwamba huyo ng'ombe nitahakikisha amefika Mugoma hata kwa miguu yangu. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakakubali. Kisha vita ikaja, lori lililokuwa limlete likaenda vitani pamoja na malori mengine yote, na maneno yangu kuhusu miguu yakageuka kuwa kweli. Ng'ombe akifa njiani, nilijua nitaitwa Mwalimu Mabati mpaka siku ya kuzikwa, na watoto wale wataendelea na uji wao.

Kwenda, juu ya magunia

Vijana wote wenye nguvu walikuwa kwenye mafunzo ya mgambo. Anayejua ng'ombe, aliyebaki, na asiyeniogopa alikuwa mmoja tu: Shangazi Domitila, dada mkubwa wa marehemu baba. Babu alichunga ng'ombe wa tajiri maisha yake yote akafa hana hata ndama, na kwa kuwa watoto wa kiume walichelewa kuzaliwa, fimbo ya kuchungia aliishika Shangazi. Mpaka leo anatembea kama mtu aliye nyuma ya kundi, polepole, macho mbele, akinung'unika.

Tulipata lifti ya lori la mwisho lililokuwa likipeleka maharage Biharamulo, tukakaa juu ya magunia. Dereva alisema tutafika jioni. Tulifika siku ya tatu. Siku ya kwanza ulikatika mkanda wa feni, siku ya pili tukampisha msafara wa jeshi kuanzia asubuhi mpaka jua likainama. Nilihesabu malori mpaka nikachoka. Sijawahi kuona mali nyingi namna ile ikipita mahali ambapo sabuni ilikuwa imetoweka miezi kadhaa, na nilikaa juu ya gunia langu mdomo wazi. Shangazi alitoa ndizi za kuchoma kwenye kikapu akanipa moja.

"Funga mdomo, Mwalimu," alisema. "Vumbi."

Shambani

Jina la shamba lile naliacha, maana watu wake walitupokea vizuri. Nilipofika mlango wa banda la ng'ombe nilivua viatu.

Msicheke. Sakafu ilikuwa ya saruji, imeoshwa kwa mpira wa maji, inang'aa kuliko sakafu ya kanisa letu. Kulikuwa na mabomba. Kulikuwa na taa. Mimi mwenyewe nalala kwenye sakafu ya udongo, mnajua, na shule yetu ina saruji darasa moja tu. Miguu yangu ilijivua yenyewe kwa heshima.

"Vaa viatu, Mwalimu," akasema mfanyakazi mmoja aitwaye Pius, akiwa ameshika ufagio. "Humu wanalala ng'ombe."

Nilistaajabu, nakiri. Ng'ombe walikuwa wanene, ngozi zinateleza, kila mmoja na hereni ya chuma sikioni yenye namba. Walikuwa wanakula pumba na mahindi yaliyosagwa, nami nilikuwa nimepanga foleni ya unga wiki iliyotangulia nikakosa. Meneja, kijana mwenye adabu, alitueleza kwamba bibi zao walikuja kwa meli kutoka nchi tajiri ya baridi. Huko, alisema, mfugaji mmoja anaweka mamia ya ng'ombe katika nyumba moja, na mashine inawakamua.

"Hutoka nje saa ngapi?" aliuliza Shangazi.

"Wengine hawatoki kabisa, mama."

"Wana ugonjwa?"

"Hapana. Wana afya kuliko sisi."

"Sasa wamefungwa kwa kosa gani?"

Meneja akacheka, akadhani ni utani. Shangazi hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri jibu, na kwa kuwa halikuja, alikwenda kumtafuta ng'ombe wetu.

Alikuwa namba arobaini na saba. Rangi ya kahawia, weusi kidogo kuzunguka macho, kiwele kimeanza kujaa. Pius alimtoa kwenye nafasi yake kwa kumchapa kipande cha mpira wa maji ubavuni, mara tatu, bila hasira, kama mtu anayekung'uta mkeka. Shangazi akamshika mkono.

"Mwanangu, amekukosea nini?"

Pius alitutazama, halafu akatazama kama meneja yuko mbali. "Mama, huyu akikohoa analetewa daktari na sindano. Mwanangu alikohoa mwezi mzima. Na maziwa haya ninayoyabeba kila siku, nikionekana nimeonja kikombe, sina kazi." Akautupa mpira chini. "Sijui amenikosea nini."

Shangazi akamwachia mkono. Tulipokuwa tunaondoka Pius alitukimbilia na kopo la bati lililopondekapondeka, pamoja na mfuko mdogo wa pumba. Alisema ng'ombe yule hajui kuongozwa kwa fimbo wala kwa mluzi. Anajua mlio wa kopo tu.

Tuliona maana yake mara moja. Pale saruji inapoishia na nyasi kuanza, Arobaini na Saba alisimama. Aliinamisha kichwa akanusa ardhi, akarudi nyuma hatua mbili. Ng'ombe mzima, mwenye mimba, alikuwa anaogopa majani! Shangazi akagonga kopo, ko, ko, ko, na yule mnyama akakanyaga nyasi kwa uangalifu kama mgeni anayeingia mtoni. Mimi nilikuwa nasema "Ajabu!" kila baada ya hatua chache mpaka Shangazi akaniomba nipumzike.

Kaniha, kwenye moshi

Siku ile hatukwenda mbali. Jioni tulifika Kaniha, kwenye mji wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehama kutoka Shinyanga kufuata malisho. Alikuwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba zizi lake lilikuwa kubwa kuliko uwanja wetu wa mpira, na alitupokea akiwa amevaa shuka lenye viraka, bila shati.

"Kalibuni, kalibuni," alisema, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Alimzunguka. Alimpapasa mgongo, shingo, akainua mkia. "Hii imelelewa kama mkwe," alisema kwa sauti ya chini. "Sijaona mnyama wa hivi."

Tuliletewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa, pamoja na karanga, na tukala vizuri. Kosa likatokea palepale. Watoto wa Masanja, kwa ukarimu, walimwingiza mgeni wetu ndani ya zizi na kuwasha moto wa samadi mlangoni, kama kila jioni. Mnajua ng'ombe wa kwetu: moshi ukipanda wanajipanga wenyewe, wanafumba macho, nzi wanawaacha. Sisi hatukuwaza kabisa kwamba kuna ng'ombe duniani asiyejua moshi. Arobaini na Saba alikuwa amezoea kupuliziwa dawa. Alipoona moto alipiga ukelele, akaruka boma la miiba na tumbo lake lile, akaingia porini.

Pori lile lina mbung'o, nzi waletao nagana, ugonjwa unaomaliza ng'ombe. Masanja mwenyewe ndiye aliyepauka. Alikimbia mbele ya wote, mzee yule, akikata majani kwa mikono. Mimi nilikimbia nyuma nikiona mabati tu. Kisha tukasikia ko, ko, ko. Shangazi hakuwa amekimbia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda palepale uani anagonga kopo, na baada ya muda yule ng'ombe akatokea upande mwingine kabisa, anatweta, miiba imemchana kifuani, akaja kuweka pua ndani ya kopo.

Tulimkagua mbung'o kwa mbung'o. Masanja alimtoa watatu kwa vidole vyake.

"Nagana imeniulia ng'ombe wengi hapa," alisema. "Kila mmoja namjua kwa jina na kwa sauti. Lakini jina si dawa, Mwalimu."

"Huko tulikotoka dawa ipo," nikasema, "ila majina hakuna."

Akatikisa kichwa. Nadhani hakuniamini kwamba mtu anaweza kufuga asiowajua. Usiku ule alimtandikia mgeni wetu majani makavu upande usiofikiwa na moshi. Asubuhi, kabla hatujaondoka, alinionyesha kundi lake lote likitoka, akinitajia majina bila kusita, na nilipokea majina yale kama mtu anayesomewa orodha ya wafalme.  Nilimwamkia tena shikamoo ingawa nilikuwa nimeshamwamkia.

Nyakahura, kipande cha tairi

Kopo lilitusaidia na kutuponza. Kila kijiji tulichopita, watu walitoka mbio na vikapu, wakidhani kopo linatangaza mgawo wa sukari. Mimi ndiye niliyekuwa naeleza kwamba hapana, ni ng'ombe tu. Mzee mmoja alinijibu, "Basi mngegonga kidogokidogo, jamani, moyo wangu!" Nikaomba radhi kama vile sukari niliila mimi.

Siku ya nne kutoka shambani, Arobaini na Saba alianza kuchechemea. Kwato zake zilikuwa laini, zimekulia kwenye saruji yenye maji, na barabara ya changarawe ilikuwa imezisaga kama jiwe la kusagia mtama. Tulipofika Nyakahura alikuwa anaacha alama za damu kwa miguu ya nyuma. Akalala katikati ya barabara. Shangazi aligonga kopo. Hakuinuka. Alilitazama tu.

Kama kawaida, watu walikuwa wamekusanyika na vikapu vyao. Miongoni mwao alikuwamo fundi viatu, Yohana, mwanaume mwembamba asiyesema sana. Aliinama akaishika ile miguu, akaipima kwa kiganja chake, akaenda kwake na kurudi na kipande cha tairi la lori.

"Nitamkatia katambuga," alisema.

Watu wakacheka sana. Yohana hakucheka. Mwenyewe alikuwa peku. Alikuwa ameshachomoa kisu chake pale sauti ya mwanamke ilipokata kicheko cha wote.

"Tairi hilo ni langu."

Alikuwa mama mmoja aitwaye Anastazia, amebeba jembe begani. Yohana akainamisha macho. Ilikuwa kweli. Anastazia alikuwa amemlimia shamba siku sita kwa ajili ya tairi lile, apate viatu vya watoto wake watatu, na kwa kuwa malori yote yalikuwa vitani, hapakuwa na tairi lingine Nyakahura nzima. Mdogo wao, Leokadia, alikuwa pale, anasimama kwa visigino. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa funza.

"Ng'ombe avae viatu," alisema Anastazia, "na mwanangu atembee kwa visigino. Tumefika huko?"

 Na mimi, mwalimu, mtu wa maneno, nilianza kueleza. Nilieleza uji wa chumvi, maziwa, maendeleo ya kijiji. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na nikaona haya. Kila neno nililolisema kuhusu watoto wa Mugoma lilikuwa linamhusu mtoto huyu aliyekuwa mbele yangu. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Nikamwambia Yohana ampe mama tairi lake. Nilisema hivyo, na wakati huohuo nilijua ng'ombe hatainuka.

Yohana akamnyooshea Anastazia tairi. Yeye hakulipokea. Alikuwa ameweka jembe chini, amepiga magoti nyuma ya ng'ombe, anaangalia. Aliunyanyua mguu wa kushoto akaupuliza, kama unavyopuliza kidole cha mtoto kilichojikwaa. Ng'ombe yule ambaye hakujua mkono wa mtu ila ule wa kumdunga sindano na wa kumchapa, hakuutoa mguu wake.

 Kisha akasema, bado amepiga magoti, bado ana hasira, "Mguu ni mguu. Kata, Yohana. Lakini akifika kwao, viatu virudi. Umenisikia, Mwalimu?"

"Nimesikia, mama."

"Si kusikia. Virudi."

Niliapa mbele ya watu wote. Yohana akakata nyayo mbili, akazitoboa, akazifunga kwa mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli na kuweka matambara ili zisichubue. Shangazi akagonga kopo. Arobaini na Saba akainuka, akaunyanyua mguu mmoja juu, akautikisa kwa mshangao, akaushusha. Halafu akatembea. Watu wazima walishika midomo. Mimi nililia, na sitaki mnitanie kwa hilo.

Kizuizi

Mbele ya Nyakahura tulikuta gogo barabarani na mgambo wanne. Waliona ng'ombe mnene wakafurahi mno. Walidhani ni mchango wa vijiji kwa askari walioko mbele, wakatupongeza kwa uzalendo, na mmoja akaanza kututajia mahali pa kumkabidhi. Kila nilipotaka kusahihisha alinipa mkono. Wanakijiji wengi walikuwa wametoa ng'ombe wao kweli, wengine wa pekee, na mimi sikujua namna ya kumwambia mtu mwenye bunduki kwamba huyu hapana.

Ni mkubwa wao aliyeiona miguu. Aliinama, akainuka, akainama tena.

"Huyu amevaa nini?"

"Katambuga, afande," alisema Shangazi.

Alitazama viatu vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa katambuga pia, vya tairi kuukuu kuliko lile. Akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye gogo.

"Ng'ombe wa kuchinjwa havishwi viatu," aliwaambia wenzake huku akijifuta macho. "Ondoeni gogo." Tulipopita alinyoosha mkono akamgusa ng'ombe begani, taratibu, akasema kwao nao walikuwa na ng'ombe wa rangi hii kabla hajaondoka.

Mlima wa Bukiriro

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Shangazi amesema nisiporuka atanipikia.

Kabla ya Bukiriro mvua ilitupiga siku nzima. Pumba zilikwisha. Chakula chetu kilikwisha pia. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula ndizi moja mbivu. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu ng'ombe aligoma. Kopo tupu halikumdanganya tena. Nilimvuta, nikateleza, nikaanguka kifudifudi, nikainuka na fimbo mkononi. Nikampiga. Nikampiga tena ubavuni, na tena. Nakumbuka nilikuwa natamka maneno, na maneno yenyewe hayakuwa ya ng'ombe: nilikuwa nasema kuhusu mabati, kuhusu mwenyekiti wa kijiji aliyenicheka mkutanoni, kuhusu viatu vyangu vilivyopasuka.

Shangazi hakunikemea. Alikuja akaichukua ile fimbo mkononi mwangu, akaivunja kwenye goti.

"Pius alikuwa na njaa miaka mingapi?" aliuliza. "Wewe ni siku moja."

Nilikaa kwenye matope. Nilikuwa nimemhukumu yule kijana tangu siku ile shambani, moyoni, kama mtu mkatili. Kumbe ukatili wenyewe haukuwa mbali, ulikuwa unangoja tu nikose chakula. Shangazi alivua khanga yake ya juu akamfunika ng'ombe mgongoni, akasimama upande unakotoka upepo, na tukangoja hivyo mpaka mvua ilipopungua.

Mtu wa kwanza kutokea alikuwa mjane aliyekuwa anarudi kutoka shambani kwake. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, chumba kimoja na jiko. Alitoa mbuzi wake wawili jikoni akamweka Arobaini na Saba mahali pao, akamkatia mgomba mzima, akambambulia maganda moja moja. Sisi alitupa maharage. Nilimwuliza kwa nini anakata mgomba wake kwa ajili ya ng'ombe wa kijiji asichokijua. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mvua inalowesha.

"Amekuja kwangu," alisema.

Wenzangu, mimi nimesoma, na nimefundisha siasa ya kujitegemea miaka tisa. Nilikuwa naamini kwamba mnyama hutunzwa vizuri pale penye mali, basi. Na kwa kweli nisiwadanganye: sindano iko kwenye mali, Masanja anaijua gharama ya kuikosa. Lakini njia nzima nilikuwa namwona mtu asiye na kitu akimpa ng'ombe wangu kitu chake cha mwisho, na aliyekuwa jirani na mali asiyoruhusiwa kuionja ndiye aliyekuwa na mkono mgumu. Sijui hesabu yake inakwendaje. Nilikaa pale jikoni penye moshi wa kuni nikaogopa, ile hofu ya mtu anayeingia mahali patakatifu bila kuambiwa. Na nikaona ng'ombe wetu, aliyeruka boma kwa kuogopa moshi, amefumba macho ndani ya moshi wa mjane yule anacheua.

Mugoma

Mapokezi mliyaona, au mliyasikia. Tulivuka mto, tukapanda, na watoto wa shule walitulaki njiani wakiimba. Walipoona viatu, wimbo ulikatika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Arobaini na Saba tena. Anaitwa Katambuga, na mwenyekiti mwenyewe anamwita hivyo.

Mkutano ulikaa kuamua alale wapi. Ng'ombe wa wote, mnajua, ni rahisi kuwa ng'ombe wa hakuna. Kila mtu alitaka maziwa, watu wachache walitaka kukata majani. Shangazi alisimama. Hajawahi kusimama mkutanoni maishani mwake. Alisema babu alichunga ng'ombe wasio wake, na yeye yuko tayari kufanya hivyohivyo mpaka afe, mradi wasimwekee namba. Wakampa. Jioni ile aliwasha moto wa samadi, na Katambuga akaenda mwenyewe kusimama penye moshi, katikati ya ng'ombe wa majirani, kama aliyezaliwa pale.

Alizaa ndama jike. Watoto wa darasa la kwanza walipata kikombe kila mmoja. Kuna mmoja alishika kikombe chake kwa mikono miwili akaniuliza kama anaweza kupeleka nusu nyumbani.

Kurudi Nyakahura

Viatu vilikuwa vinaning'inia ukutani kwangu. Kila asubuhi vilinitazama. Baadhi yenu mlisema nivipeleke siku lori litakapopatikana. Mmoja wenu, simtaji, alisema mama yule ameshasahau.  Shangazi alifukiza kibuyu, akakijaza maziwa mgando, akakiweka mlangoni kwangu. Shule ilipofungwa nikaondoka, kwa miguu, na kibuyu mgongoni.

Bukiriro nilimkuta mjane akanipa maharage tena. Kizuizini gogo lilikuwa limeoza pembeni, mgambo hawakuwapo, na sikujua wa kumuuliza habari za yule mkubwa aliyecheka.

Nyakahura nilifika saa za mchana. Yohana alivipokea viatu, akavigeuza, akapapasa pale vilipolika. Akanirudishia, akasema vitatoa jozi moja ya mtoto, labda na nusu. Jozi moja, kwa watoto watatu! Nilimtafuta Anastazia shambani kwake nikiwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, kuhusu jinsi barabara ilivyokuwa mbaya na jinsi tulivyochelewa. Leokadia alikuwa amekaa mwisho wa tuta, mama yake anamtoa funza kwa mwiba.

Nilimwekea Anastazia kibuyu mbele yake na viatu kando. Hakuvigusa. Aliuweka mguu wa mwanawe chini polepole, akaniangalia usoni.

"Miguu yake imepona?"

Hotuba ilinitoka kichwani yote. Nilimwambia imepona. Nilimwambia kwato zimekuwa ngumu, anapanda mlima kwenda malishoni na kurudi, na hachechemei hata kidogo.

"Hata ule wa kushoto?"

"Hata wa kushoto, mama."

Alishusha pumzi, kama mtu aliyekuwa ameibeba habari hiyo siku zote hizo. Ndipo akachukua viatu, akampa mwanawe avishike.

"Nenda kwa Yohana," alimwambia. "Mwambie akupime."